Misalaba ya Mzee Gichuru

Maurine, mwendesha mashine ya mionzi, alichefuka roho hata kabla ya chai. Ile miale mitatu ya kijani, inayotoka ukutani na darini kuonyesha mgonjwa alale wapi hasa chini ya mashine hiyo, haikukutana. Wa kushoto ulikuwa umepotoka upana wa kidole. Sababu aliijua: wapaka rangi waliegemeza ngazi yao pale pale, ati kliniki ing'are kwa ajili ya wageni. Westlands, mtaa wa wenye pesa, bwana! Ukuta unameta, mashine imelewa.

"Tusitibu mtu mpaka fundi aje," alimwambia Clifford, meneja.

"Wageni wako kwa lifti, Maurine. Usiniletee story."

Mzee Gichuru wa Mutuini alikuwa ameshalala kitandani, kifua wazi. Saratani ilikuwa kwenye umio, jirani kabisa na uti wa mgongo, na mionzi ikikosea njia ingeula uti na kuuacha uvimbe. Mwilini alikuwa amechorwa misalaba ya wino ya kulengea miale, mmoja kifuani na mmoja kila ubavu. Aliilinda kama mboni ya jicho. Alioga kwa kitambaa akiizunguka, na mkewe alimfokea akijikuna.

Clifford akautazama mwale, akautazama msalaba. Haikulingana. Basi, jamani, mtu huyo akafanya nini? Akachovya pamba kwenye spiriti, akaufuta msalaba wa kushoto, akachora mwingine pale mwale ulipoangukia.

"Si ndiyo hiyo? Imelingana."

Lo! Fundi cherehani akikosea suruali, akukate mguu? Maurine alitamani kutema mate. Shati jeupe, marashi ya bei kali, na roho imeoza.

"Wewe ni wa kutapisha," akamwambia waziwazi, wageni wakiingia na tabasamu zao. Akachomoa ufunguo wa mashine, akautia mfukoni. "Hakuna mtu atachomwa hapa leo. Wapelekee wageni wako chai."

Clifford akacheka kicheko cha meno, akawaambia wageni kwamba ni majaribio tu.

Maurine akamfunika mzee shuka. Gichuru alikuwa akipapasa ubavu wake polepole, akiutafuta msalaba wake wa zamani.

"Daktari," akauliza, "ule nilikuwa nimeuchunga vizuri. Sasa mtanipata aje?"