Mashuka Juu ya Mwani

Mama wa kijana aliyetaka kumuoa binti ya kaka yangu alitanguliza neno kabla hajafika: mke wa mwanawe hatakuwa mtu wa kushinda baharini akifunga mwani kwenye kamba. Ati kazi ya kulowa! Nilipandwa na hasira, lakini binti alimpenda kijana yule, nami shangazi mtu sikutaka kumharibia. Basi tukaficha. Mwani tuliouanika uani, mavuno ya nyumba nzima, tukaufunika mashuka kama watu waliofua.

Binti alinuna. "Shangazi, nitaificha kazi yangu mpaka lini?"

"Mpaka wageni wanywe chai waondoke."

Wageni wakaja, kijana na mama yake, mwenye duka la vitambaa. Mama akajimwaga kwenye sofa mpya, akaisifu, akasifu na sakafu ya vigae. "Baba mtu anajitahidi," akasema. Kaka yangu, ambaye kazi yake ni kusukuma toroli la mwani wa mkewe, akakohoa.

Mara radi ikanguruma. Tukatazamana. Mwani mkavu ukinyeshewa hauna mnunuzi, jasho lote linakwenda na maji. Lakini nani angethubutu kuinuka?

"Jamani, nguo zenu!" Mama wa kijana, kwa wema wake, akatoka mbio uani kabla sijamshika. Akavuta shuka la kwanza.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni wangu, mama," binti akasema nyuma yake. "Wangu na wa mama yangu. Sofa uliyokalia imetoka humu. Vigae vimetoka humu. Siuachi."

Matone yakaanza. Mgeni akamtazama binti, akautazama mwani, akatazama viatu vyake vya kisigino. Akavivua.

"Sasa mnanitolea macho ya nini? Shikeni huko!"

Tukakusanya kama wehu, tukaumwaga sebuleni, chini ya meza, mpaka juu ya sofa. Yeye ndiye aliyeingia wa mwisho, amekumbatia fungu zima, kilemba kimemwangukia jichoni, anacheka mpaka machozi. Nilimpenda papo hapo.

Mwanawe alikuwa bado ameketi, kikombe mkononi.

"Na wewe," mama akamfokea, "umekaa kama bwana harusi! Inuka ujifunze kazi ya mkeo, maana huko baharini mtakwenda wote wawili."