Dobi Dansini

Mabibi wa London walimletea mchoraji mzee Obadiah Pennifold sura zao tu. Nusu saa, chai, biskuti, basi. Miili hawakuleta. Gauni lilikuja ndani ya sanduku, likavaliwa na Keziah, mkewe, naye akasimama kutwa mpaka miguu ikavimba, huku mumewe na mwanawe Jabez wakichora hariri. Ndiyo maana kila mke wa lodi aliyechorwa na Pennifold na Mwanawe ana mabega ya dobi. Keziah aliolewa akiwa dobi, akabaki dobi, kwa sababu sanaa ya mumewe haikutosha hata makaa ya mawe.

Alikufa kwa kifua wakati wa baridi. Jabez akamchora, safari hii na sura yake mwenyewe, katikati ya picha kubwa ya dansi la Ledi Culverden. Mikono wazi, myekundu kwa magadi ya kufulia.

"Mfute," baba akasema. "Kesho Ledi anakuja kuitazama."

"Umechora mwili wake miaka yote hii, baba. Leo kichwa kimekukosea nini?"

"Hicho kichwa kitatunyima mkate. Mfunike, mchoree chungu cha mchikichi juu yake."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yao. Mgeni aliyekwisha kuchorwa akifilisika, anafunikwa kwa chungu. Bibi akitoroka na mwalimu wa piano, chungu. Dansi lile lilikuwa limeshaanza kuwa msitu.

Jabez hakufuta.

Kesho yake Ledi Culverden akaingia na Kanali Strake, akapita mbele ya picha polepole, akasimama kwa Keziah.

"Na huyu?"

Mzee Obadiah jasho likamtoka. Lakini bibi mwenye nyumba atakubalije kwamba dansini kwake aliingia mtu asiyemjua?

"Ah!" akajijibu mwenyewe. "Kumbe ni yeye! Maskini, amekonda."

"Nilikula naye mjini Bath," Kanali akadakia, asije akaachwa nyuma. "Mjane wa yule... wa Bara Hindi. Jua la huko limemuunguza mikono."

"Mwanamke wa ukoo bora. Tazama alivyosimama!"

Obadiah akashusha pumzi. Jabez uvumilivu ukamshinda.

"Huyo ni mama yangu, Keziah Pennifold. Dobi. Mashuka unayolalia, Ledi, aliyafua yeye mpaka akakohoa damu."

Ledi akamtazama Kanali. Kanali akatazama viatu vyake. Wakiri sasa kwamba wamempapatikia dobi?

"Kijana wako ana mzaha mchafu, Pennifold," Ledi akasema akicheka. "Eti mimi simjui rafiki yangu!"

"Amelewa huyo," Kanali akasema.

"Na rafiki yangu asiguswe. Ukimwekea chungu, nitajua."

Walipotoka, baba akajibwaga kitini. "Umeona, mwanangu? Amebaki."

"Amebaki kwa jina la nani?"

Mzee akaanza kuosha brashi zilizokwisha kuwa safi.

Picha ikatundikwa sebuleni kwa Culverden. Keziah, aliyekuwa akiingia nyumba ile kwa mlango wa jikoni tu, kapu la nguo kichwani, sasa anatambulishwa kwa kila mgeni. Na kila mgeni anaapa kwamba anamkumbuka vizuri sana.