Waliopona Hawaletwi kwa Mwosha

Mwaka Waingereza waliposhika nchi, homa ya mafua iliingia kijiji cha Mahege pamoja na wapagazi waliorudi kutoka vitani. Mshamu, mwosha maiti, wiki ya kwanza aliosha watatu. Ya pili sita. Ya tatu kumi na wawili, mikono ikamchubuka kwa maji.

Akapiga hesabu kichwani. Kijiji hakikufika watu mia tatu. Mambo yakienda hivi, kabla mpunga haujaota wangekuwa wamekwisha, na huko kwingine hali ni hiyo hiyo. Baada ya swala akasimama msikitini, akasema, "Mbegu tunamwekea nani? Tuleni, jamani. Kizazi cha binadamu kinakatika."

Zamda, mjane mwenye watoto wanne, alipopata habari akatwanga mbegu yake yote, akala na watoto.

Mwanamina, mkewe Mshamu, hakutwanga. Alizunguka nyumba hadi nyumba siku mbili, akarudi miguu imevimba.

"Baba Siti, wewe unaletewa waliokufa tu. Waliopona hawaletwi kwa mwosha. Nimewaona kwa macho yangu: kwa kila tuliyemzika, wanne wameamka, wanakunywa uji."

"Leo wameamka. Kesho je?"

"Wazee wetu walipita njaa, wakapita ndui, wakapita vita vya Majimaji. Sisi si tupo?"

"Tupo, ndiyo maana tunasema hivyo," Mshamu akajibu taratibu. "Kijiji kilichokwisha kabisa, nani amebaki akwambie kuwa kimekwisha? Kupona kwetu jana si dhamana ya kesho."

Mwanamina akainuka. Akachukua jembe.

Wiki ya nne Mshamu aliosha wawili. Ya tano, hakuna. Mvua ikashuka, watu wakaenda mabondeni kupanda, na Zamda akasimama pembeni ya shamba lake tupu, mikono kiunoni.

Mshamu hakuweza kumtazama usoni. Alimpelekea nusu ya mbegu ya nyumbani kwake, akijua mwaka ule nyumba zote mbili zitalala njaa, akainama kupanda naye.

"Shehe," Zamda akauliza bila kuinua kichwa, "homa ikirudi mwakani, mbegu niitunze au niile?"

Mshamu akafukia shimo la mbegu.

"Itunze," akasema. Ila moyoni hesabu ilikuwa bado inamla, na hakujua kama safari hii amesema kweli.