Begi Lililombeba Mwalimu Mkuu

Mama mkwe wangu alikuwa amelala chali katikati ya duka la mabegi, mikanda imembana mabegani, viatu vyake vyeusi vya kamba vikitazama taa za darini. Mimi, mkwe wake wa pekee, nilikuwa nimesimama kando yake na siwezi kuinama. Muuzaji alikuwa karibu zaidi, lakini aliganda kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni na hajui jibu.

"Msinitazame," alisema mama mkwe, sauti haijapanda wala haijashuka. "Fikirini."

Kabla sijaeleza tulivyomwinua, inanibidi nieleze habari za mgongo wangu, maana ndio uliotufikisha pale.

Mimi ni mpiga picha. Siku zile riziki yangu ilikuwa harusi na mahafali, na vifaa vyote nilivishindilia ndani ya begi moja la mgongoni: kamera mbili, lenzi, taa, betri, nyaya, na stendi ya miguu mitatu ikining'inia ubavuni kama upanga. Basi katika harusi moja nilipiga goti ili nimnase bwana harusi akimfunga bibi harusi kamba ya kiatu, na nilipotaka kuinuka, mgongo ukakataa. Ukakataa katakata. Sikutaka kuharibu shughuli ya watu. Nikabaki pale pale chini, nikawa najizungusha kwa goti, nikapiga keki, hotuba na dansi, vyote kutoka kimo cha mtoto wa chekechea. Wageni walidhani ni ufundi mpya. Mzee mmoja mwenye suti alikuja akapiga goti kando yangu aone ninachokiona. Bibi harusi alizipenda mno picha zile, kwa kuwa kila mtu alitoka mrefu kama mnara. Mimi nilitolewa ukumbini juu ya kiti, nimebebwa na mashemeji wa bwana harusi, na watu wakapiga makofi.

Daktari alisema nisinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai.

Kabla hata dawa hazijaisha, nikapigiwa simu na kampuni moja ya vitabu vya shule. Walitaka mtu wa kuzunguka na kupiga picha za kitabu cha jiografia: maporomoko, machimbo ya mawe, kiwanda cha saruji, mahali mto unapoingia ziwani. Nilikuwa nimeingoja kazi ya namna hiyo tangu nishike kamera. Harusi zinalisha, sikatai, lakini picha ya harusi hukaa ukutani kwa watu wawili, na wakigombana hugeuzwa uso. Picha ya kitabu cha shule hutazamwa na watoto wasio na idadi, hata kama ni kwa kuichorea masharubu. Nikajibu nitakwenda. Nilijibu nikiwa nimelala sakafuni, miguu juu ya kiti.

Mke wangu ni mfamasia, na wafamasia hawagombani. Wao hueleza matumizi. Alisema safari hana neno nayo, ila bila begi la magurudumu hakuna safari. Nikamwambia mabegi ya magurudumu ni ya watu wanaokwenda kwenye semina. Mpiga picha anapanda milima, anavuka vijito, anakimbilia mwanga kabla haujazima. Akanieleza kwa upole kwamba yapo mabegi ya namna mbili kwa moja, penye njia unaliburuta, pasipo njia unalivaa mgongoni. Kisha akanitazama pale chini nilipo, akauliza ni mlima gani hasa niliokusudia kuupanda jioni ile.

Hapo mjadala ukaisha. Kwa kuwa yeye alikuwa na zamu kesho yake, ikaamuliwa kwamba nitakwenda dukani na mama yake.

Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nasi ili awaangalie pacha wetu mpaka nipate nafuu. Alikuwa amestaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi, lakini ualimu mkuu wenyewe haukuwa umestaafu. Kila mtu alimwita Mwalimu Mkuu, pamoja na binti yake na wajukuu. Tangu afike, vijiko vyetu vilitazama upande mmoja. Pacha walianza kunyoosha mkono kabla ya kuomba maji. Mimi hakunichukia, hilo nasema kwa haki. Ila zamani, alipoambiwa kwamba mchumba wa binti yake ni mpiga picha, alisema kwamba picha ni jambo jema, na mchana je, huwa anafanya nini?

Siku ya kwenda dukani, pacha wakiwa wameachwa kwa jirani, nilitoka chumbani na futi ya kupimia. Nikamkuta mlangoni, begi langu kuukuu liko miguuni pake, limejaa vifaa vyote. Nikamweleza kwa adabu kwamba tunakwenda kuchagua tu.

"Mtu hanunui kiatu mguu ameuacha nyumbani," alisema.

Nikauliza nani atalibeba, maana mimi nimekatazwa. Aliliegemeza ukutani, akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili, akasimama. Nikaona mishipa ya shingo imemtoka. Nikasogea nimsaidie, akaninyooshea kidole kimoja tu, kile kilichotuliza shule nzima, nikarudi nyuma.

Teksi ilitushusha mbele ya jengo. Duka lilikuwa juu, na lifti ilikuwa imebandikwa tangazo la kuharibika ambalo lenyewe lilikuwa limeanza kuchakaa. Tukapanda ngazi, yeye mbele, mimi nyuma, mikono mitupu, nikiwapisha watu wanaoshuka. Wengine walinitazama vibaya. Mwanaume mzima, mpana wa mabega, anamfuata mama wa watu aliyebebeshwa mzigo. Mwanzoni alikuwa akinisimulia jinsi alivyowazuia wanafunzi wasikimbie kwenye ngazi. Halafu maneno yakapungua. Halafu yakakatika. Tulipofika penye kona ya mapumziko alishika reli, akasimama.

"Hili unalibeba kila Jumamosi?"

"Na Jumapili, Mama. Msimu ukikolea, na Ijumaa."

"Ukiwa umesimama."

"Mara nyingi nikikimbia."

Alirekebisha mikanda, akatazama ngazi zilizobaki, akaendelea kupanda. Ila kuanzia pale alikanyaga polepole, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Muuzaji alitupokea kwa maneno mengi. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sifa moja kwa kila begi na begi kwa kila sifa. Mwalimu Mkuu alimwacha amalize, kisha akauliza kila begi lina uzito gani likiwa tupu. Yule bwana akacheka, akasema likiwa tupu halina uzito. Mwalimu Mkuu akampa kubwa kuliko yote, lenye fremu ya chuma na magurudumu kama ya baiskeli ya mtoto, akamwomba alishike kwa mkono ulionyooka wakati yeye anakagua mengine. Akakagua bila haraka. Akafungua zipu, akafunga zipu. Mkono wa muuzaji ukaanza kutetemeka, halafu bega, halafu na shavu.

"Uzito umeupata?" akamuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu. Na wala hatukuwa tumemwambia kwamba ni mwalimu.

Mimi nilikuwa nimeshalipenda moja. Jeusi, pembe zake za ngozi, mifuko ya siri kila mahali. Ukilivaa hilo watu watajua wamekutana na mpiga picha hata kama kamera umeisahau nyumbani. Magurudumu yake yalikuwa madogo kama vifungo vya koti. Mwalimu Mkuu akaliburuta mpaka ukumbini, likanasa kwenye mwanya wa vigae. Akalinasua, likanasa kwenye mwanya uliofuata. Alilirudisha rafuni taratibu, kama anayemrudisha mtoto kwao.

Kisha akauliza swali ambalo mimi, fundi wa kazi hii, halikuwahi kunijia. Ukiliburuta kwenye matope, halafu ukalivaa, hayo matope yanakwenda wapi? Mimi na muuzaji tukatazamana. Yangekwenda kwenye shati langu, na suruali yangu, na heshima yangu yote. Muuzaji akakuna kichwa, akapanda ngazi ya mbao, akateremsha begi moja la kijivu, kijivu cha maji yaliyooshewa vyombo, ambalo bila shaka lilikuwa limekaa juu kule kwa sababu kila mnunuzi alikuwa na macho. Lilikuwa na kipande cha turubai cha kufunika magurudumu ukilivaa. Mwalimu Mkuu akapiga magoti, akahamisha vifaa vyangu kimoja kimoja, akavipanga kila kimoja kwenye chumba chake. Vyote vikaingia. Stendi ikakaa ubavuni na kufungwa. Nikaomba Mungu ipungue nafasi ya betri moja tu, nipate sababu. Haikupungua.

Ikabaki kujua kama mpini wa kuvutia, ule unaojificha ndani, unachoma uti wa mgongo. Nikasema muuzaji ndiye alivae. Mwalimu Mkuu akasema mgongo wa muuzaji ni mrefu mno, na wangu ni mgonjwa. Nikasema, "Mama, ngoja kidogo," lakini alikuwa ameshalivaa. Akajisukuma nyuma kidogo asikilizie mpini. Begi nalo likaafiki, likaendelea kurudi nyuma. Alikwenda chini taratibu, kwa heshima zake, kama bendera inayoshushwa jioni.

Hapo ndipo tulipokuwa. Muuzaji akasema anaogopa kumshika mama wa watu bila ruhusa. Akapewa ruhusa. Akamshika mikono yote miwili, akavuta, na kwa kuwa sakafu ilikuwa imepigwa dawa ya kung'arisha asubuhi ile, akateleza yeye kuelekea kwa Mwalimu Mkuu badala ya Mwalimu Mkuu kuja kwake. Nikaona hapana, siwezi kusimama tu huku mama wa mke wangu yuko chini. Nikaanza kuinama. Nilifika katikati. Mgongo ukafunga, nikabaki nimepinda kama alama ya kuuliza, siendi chini wala sirudi juu.

Nikasikia kitu kama kwikwi. Nilidhani ameumia. Kumbe Mwalimu Mkuu alikuwa anacheka. Miaka yote ile sikuwa najua kicheko chake kikoje; alikianza kwa kwikwi, kisha tumbo likatikisika, kisha begi zima na lenzi zangu zote ndani yake. Nikacheka na mimi, na kila nikicheka mgongo unanichoma, na kila ukinichoma nalia, na yeye akiniona nalia anazidi. Muuzaji alitutazama kama mtu anayewaza afunge duka kwanza au aite msaada kwanza.

Basi kupinda kule kulikuwa na faida yake. Uso wangu ulikuwa umeelekea sawasawa kwenye mpini, pale juu ya kichwa cha Mwalimu Mkuu. Nikamwambia muuzaji auvute mpini mpaka mwisho, aje auinue kutoka huku kichwani, na magurudumu yaachwe yashike sakafu. Akafanya. Begi likasimama juu ya magurudumu yake kama toroli la mizigo, likamwinua Mwalimu Mkuu mzima mzima. Likaenda naye mbele hatua chache kabla miguu yake haijaikuta sakafu, naye akasimama mbele ya meza ya kulipia, wima, kama aliyekusudia kufika pale.

Alivua mikanda. Akanyoosha sketi. Akainama, akazungusha gurudumu moja kwa kidole, kisha la pili. Yote yalizunguka bila kukwaruza.

"Limenibeba mimi na kamera zako," alisema. "Tunachukua hili."

Nikajikakamua nikasema, rangi yake, Mama.

"Hata wezi hawataipenda."

Mgongo ulipopata nafuu na daktari akaniruhusu, nikasafiri nalo. Liliburutwa juu ya kokoto, likavaliwa machimboni, likanyeshewa na mvua ukingoni mwa mto. Kitabu kilitoka, maporomoko yangu yako katika sura ya tatu, na baada ya hapo harusi zikawa ni za ndugu tu. Lakini nikikumbuka safari ile, picha inayonijia kwanza haimo kitabuni.

Ni asubuhi ya kuondoka, kituo cha treni. Mke wangu alikuwa amewashika pacha, mmoja kila mkono. Mwalimu Mkuu alipanda behewani kunipangia begi. Mhudumu akamwambia kwamba mizigo ya namna ile hukaa behewa la nyuma. Akamjibu kuwa sawa, amwoneshe na kiti chake huko nyuma, maana popote litakapokaa atakaa nalo. Mhudumu akampisha. Aliliweka juu, akaliona liko mbali nami. Akaliteremsha, akaliweka kati ya miguu yangu, akaniagiza kwamba nikilivaa nivae mikanda yote miwili, bega moja ni la watu wanaotaka kutazamwa. Filimbi ikapigwa ndipo akashuka.

Treni ilipoanza kusogea, wengine pale chini walikuwa wanapunga mikono. Yeye hakupunga. Alisimama mbele ya wote, akashika bega lake la kulia, akashika la kushoto, kisha akanitazama. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Pacha wakaanza kumwiga, na baadaye nikaona hata mke wangu.

Nikasimama. Nikaliinua begi kwa kupiga goti kwanza, kama daktari alivyonifundisha, nikaingiza mkono wa kulia, nikaingiza wa kushoto, nikageuka dirishani ili anione mgongo. Abiria aliyekaa mbele yangu akavuta miguu yake kunipisha.

"Unashuka?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Ndiyo kwanza naondoka."