Simu Kutoka Stanmore

Telesphor alimaliza muhula mzima London bila kumwambia mtu neno lolote la moyoni. Alisomea uhandisi wa maji kwa ufadhili wa serikali, na aliishi Barking kwa baba yake mdogo, Deus, aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi hospitalini, pamoja na mkewe Gaudensia, muuguzi. Walimtunza vizuri. Jumapili walikwenda naye misa, na Watanzania wenzao walipomtania lini ataleta mchumba, alicheka pamoja nao. Akirudi chumbani mashavu yalikuwa yamemchoka kama ya mtu aliyepuliza tarumbeta.

Chuoni, juu ya kantini, kulikuwa na chumba ambacho kila Jumatano mchana kilitengwa kwa wanafunzi kama yeye: mashoga, wasagaji, waliobadili jinsia, na wengine ambao hata wao hawajajua waitweje. Kilisimamiwa na Avtar, Singasinga wa makamo, mshauri wa wanafunzi, mtu asiyependa maneno mengi. Lakini aliyesimama mlangoni kupokea wageni alikuwa mwenyekiti wa chama chao, kijana wa Kihindi mwenye nywele ndefu zilizofungwa nyuma.

“Telesphor,” kijana yule alirudia jina. “Unatoka wapi?”

“Tanzania. Mwanza.”

Kijana akacheka, akatafuta maneno kama mtu anayepekua mfukoni. “Karibu sana. Kaa kitako. Chai iko.”

Huyo ndiye Nikhil. Alizaliwa London, lakini mama yake alikulia Mwanza, na Kiswahili alikisikia jikoni tangu utotoni. Alikielewa chote, kukisema ndiyo ilikuwa kazi, kwa hiyo alijibu kwa Kiingereza. Siku ile aliwaambia wageni wote sharti la chumba: yanayosemwa humu hayatoki nje. Telesphor alimwamini pale pale. Baadaye alijaribu kukumbuka kwa nini, akaona sababu ni moja tu: kijana alikuwa amemwambia akae kitako, neno ambalo hakuwa amelisikia tangu aondoke kwa bibi yake.

Urafiki ukageuka mapenzi kabla baridi haijaisha. Walikuwa waangalifu. Walitembea pembeni mwa mto, walikula pamoja, walishikana mikono ndani ya sinema. Mwanachama mmoja tu ndiye aliyejua: Plamedie, msichana wa Bukavu, Kongo, aliyekaa Thornton Heath na mama yake, na ambaye hakuna kitu kilichompita.

“Weye unacheka peke yako siku hizi,” alimwambia Telesphor. “Njo vile mapenzi inafanyaka.”

Nikhil ndiye aliyetaka Telesphor aende kwao Stanmore. Akajulikane kama rafiki wa chuo, alisema, mama atampenda. Na kweli. Mama yake, Kalpana, mjane mfupi aliyevaa kardigani juu ya sari, aliposikia “Shikamoo, mama,” alishika mlango kwanza ndipo akaitikia.

“Marahaba! Marahaba, mwanangu. Mwanza sehemu gani?”

“Nyakato, mama.”

“Sisi tulikaa mtaa wa Rwagasore. Baba yangu aliuza vitambaa. Ingia, ingia, utakufa na baridi.”

Alimkaangia muhogo kwa pilipili na ndimu, akamkalisha mezani mpaka jioni akimuuliza habari za mji ambao yeye aliuacha akiwa msichana. Nikhil alikaa kati yao akiwaangalia kwa zamu. Deus alipokuja na gari kumchukua Telesphor, Kalpana alimvuta ndani naye pia. Watu wazima hao wakakuta wanamjua daktari mmoja wa zamani, na samaki mmoja wa zamani, na mvua moja ya zamani iliyobomoa ukuta wa shule. Wakapeana namba za simu. Tangu hapo Kalpana na Gaudensia walikuwa wakipigiana, mzazi kwa mzazi, kuulizana watoto wamekula nini.

Mambo yaliharibika kwa picha. Chuo kilikuwa na siku ya wageni, na chama chao kilisimama uwanjani na bendera yake ya upinde wa mvua. Mtu alipiga picha, ikawekwa mtandaoni. Nikhil alikuwa katikati, mkono wake ukiwa begani kwa Telesphor, kichwa kimeinama kumwelekea. Poonam, binti wa mjomba wake Nikhil, akaiona, akampelekea shangazi yake, Kalpana.

Nikhil alimtumia Telesphor ujumbe mfupi: asije Stanmore kwa muda, nyumbani kuna maneno. Telesphor akaelewa, au alidhani ameelewa. Akajibu kwamba yuko naye, kwamba atasubiri. Jumamosi hiyo alikwenda maktaba, na mchana akarudi Barking akiwa na mkate aliotumwa na mama mdogo.

Aliwakuta sebuleni. Televisheni ilikuwa imezimwa, jambo ambalo halikutokea Jumamosi yenye mpira. Deus alikuwa amekaa na viatu vya nje.

“Kaa,” alisema.

“Kuna msiba?”

“Mama Nikhil amepiga simu.”

Gaudensia alikuwa akiangalia mikono yake. Telesphor aliweka mkate juu ya meza, polepole, kama kwamba ungeweza kuvunjika. Wazo lake la kwanza lilikuwa la Nikhil: wamemjua, maskini, atakuwa wapi sasa?

“Mwanawe amemweleza yote,” Deus aliendelea. “Kwamba wewe ni shoga. Kwamba ndiwe uliyemwomba akusindikize kwenye hicho kikundi chenu kwa sababu huna mtu. Kijana amekuwa anakuonea huruma tu. Amesema ulikuwa unamng'ang'ania, naye anashindwa kukufukuza.”

Telesphor alisikia maneno yote, ila yalimfikia moja moja na yakikosea mpangilio. Huruma. Kung'ang'ania. Alimwona Nikhil mbele ya mama yake, jikoni mle mle, akitafuta njia ya kutokea, na njia aliyoipata ilikuwa yeye.

“Mama wa watu amepiga simu analia,” Gaudensia alisema kwa sauti ndogo. “Hakupiga kwa ubaya. Alidhani tunajua. Anasema mtoto asiachwe peke yake na tatizo kama hilo.”

“Ni kweli?” Deus aliuliza.

Angeweza kukana. Walikuwa wakimwachia nafasi. Aliiona usoni mwa mama mdogo, aliyekuwa akimsihi kwa macho aseme hapana. Angeweza pia kutoa simu yake na kuwaonyesha picha nyingine, meseji za Nikhil za asubuhi na za jioni, na habari ingefika Stanmore kabla chai haijapoa.

“Kuhusu mimi ni kweli,” alisema. “Yaliyobaki siyo.”

“Yapi?”

“Hayo, baba mdogo, mwulizeni aliyeyasema.”

Deus akasimama. Hakupiga kelele. Alisema kwamba yeye ndiye aliyemwandikia kaka yake kwamba kijana atakuwa salama huku, kwamba ana watoto wadogo shuleni na jina kanisani, kwamba hawezi kumweka tena nyumbani. Akatoka kwenda barazani na simu, na kupitia kioo Telesphor alimwona akimpigia baba yake Mwanza, akitembea huku na huku, akipangusa paji la uso. Gaudensia alibaki kwenye kochi. Telesphor alimsubiri aseme neno. Mwanamke huyu alikuwa amemfundisha kufunga skafu, alimkandia chapati siku ya matokeo. Alinyanyuka, akauchukua mkate, akaupeleka jikoni.

Telesphor alifungasha begi moja na kuondoka kungali mwanga.

Plamedie alimpokea stesheni ya Thornton Heath bila kumuuliza kitu. Mama yake alimtandikia sebuleni na kumwambia kwa Kiswahili cha kwao kwamba katika nyumba hii watu wamelala kwa sababu mbaya kuliko hiyo. Ndipo Telesphor akalia. Plamedie aliposikia habari nzima alishika simu yake.

“Nampigia mama yake sasa hivi. Ajue mtoto wake iko nani.”

“Hapana.”

“Yeye alikuuza!”

“Alitoa siri yangu. Mimi sitoi siri ya mtu.”

“Hiyo ni upole ama ni ujinga?”

“Sijui,” Telesphor alisema. “Bado sijui.”

Jumatatu alikwenda kwa Avtar. Mshauri alisikiliza, akapiga simu hapa na pale, na kufikia mchana alikuwa amempatia chumba katika hosteli ya chuo mpaka mwisho wa mwaka, na miadi na daktari wa ushauri. Alifanya yote hayo bila kumtazama sana, na Telesphor alimshukuru kwa hilo. Kisha Avtar akauliza swali moja tu.

“Habari ilitokaje? Kama imetoka kwa mtu wa chumba chetu, lazima nijue.”

Telesphor alipima jibu lake. Kumtaja Nikhil kungehitaji kueleza kwa nini Nikhil alidanganya. Sharti lile ambalo halikumlinda yeye sasa lilikuwa linamlinda aliyelivunja, na mlinzi alikuwa yeye mwenyewe.

“Ilitokana na picha,” alijibu. Haikuwa uongo.

Jumatano alipanda ngazi za juu ya kantini kwa sababu hakutaka kufukuzwa kutoka mahali pa pili. Nikhil alikuwa mlangoni. Mbele yake alisimama msichana mgeni, mabega ameyakunja, na Nikhil alikuwa akimwambia kwa upole ule ule: yanayosemwa humu hayatoki nje. Akamwona Telesphor. Sentensi ikamkatikia mdomoni.

Walitoka kwenye korido.

“Nilitaka kukupigia,” Nikhil alisema kwa Kiingereza, haraka haraka. “Kila siku nilitaka. Sikujua mama atawapigia. Naapa sikujua.”

“Kwamba atawapigia hukujua. Na kwamba nakung'ang'ania?”

Nikhil akafumba macho. “Ilibidi niseme kitu. Alikuwa amesimama pale na picha, anatetemeka. Mjomba anakuja, Poonam amesambaza kwa ukoo mzima. Wewe kwenu ni mbali, Teles. Ungeweza kuwaficha miaka. Mimi kwetu ni hapa. Nikifukuzwa hapa sina pengine.”

“Mimi ndiye niliyefukuzwa, Nikhil.”

“Najua.”

“Hujui. Ungejua ungekuja Barking, ungesimama mlangoni, ungesema hata nusu ya ukweli. Umeendelea kusimama kwenye mlango huu unawaambia watu wakuamini.”

Nikhil akaanza kulia, na ndipo akaongea Kiswahili, kile kibovu alichokitunza kwa ajili ya nyakati zao. “Samahani. Mimi napenda wewe.”

Miezi yote ile maneno hayo yangemyeyusha. Sasa yalimkasirisha kuliko uongo wenyewe. Alimjibu kwa Kiingereza kwamba asimsemeshe lugha hiyo tena, akaingia ndani, akaketi karibu na yule msichana mgeni. Plamedie alimmiminia chai.

Kalpana alimpigia wiki iliyofuata. Telesphor aliiangalia simu ikiita, akaipokea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu, nimekukosea. Nilidhani nakusaidia. Mama mdogo wako ameniambia walivyofanya. Sikutaka hivyo, Mungu ananiona.”

“Nimesikia, mama.”

“Nikhil hali chakula. Amejifungia chumbani.” Sauti yake ikashuka. “Niambie ukweli. Wewe hujawahi kunidanganya. Na yeye yuko hivyo?”

Jibu lilikuwa pale, limewekwa mkononi mwake, na hakuna ambaye angemlaumu. Telesphor alifikiri juu ya sebule ya Barking na televisheni iliyozimwa.

“Mwulize yeye, mama. Na akikujibu, tafadhali, usimpigie mtu yeyote simu.”

Alimsikia akivuta pumzi. Huenda jibu hilo lilimtosha. Telesphor hakujua, wala hakuulizia baadaye. Alichojua ni kwamba Nikhil alijiuzulu uenyekiti kabla ya mitihani na hakuonekana tena chumbani, na kwamba Avtar, ambaye huenda alikuwa amekisia zamani, alimwomba Telesphor awe anapokea wageni. Alikubali. Lakini sharti alilisema kivyake. “Siwezi kukuahidi kwa niaba ya wengine,” aliwaambia. “Nakuahidi kwa niaba yangu.” Baadhi walishuka ngazi. Wengi walikaa.

Baba yake aliacha kupokea simu zake. Mama alituma salamu kupitia dada, bila maelezo.

Mwanzoni mwa kiangazi Gaudensia alimngojea nje ya hosteli akiwa bado na sare yake ya uuguzi. Alikuwa amemletea koti lake la baridi, pasipo haja yoyote na jua lile, na bakuli la maharage ya nazi lililofungwa kwa kitambaa. Alimkumbatia kwa nguvu, akamwambia amekonda, akaulizia mitihani. Kwa muda Telesphor alijisikia mtoto wa nyumba ile tena.

“Watoto wanakuulizia,” Gaudensia alisema. “Nawaambia uko masomoni.” Kisha akatazama barabara, kushoto na kulia. “Baba mdogo wako asijue nimekuja. Tafadhali, Teles. Iwe siri yetu.”

Telesphor alilitazama bakuli. Wote waliompenda walimpenda kwa sharti hilo.

“Mama mdogo, siwezi kukutunzia siri nyingine,” alisema. “Ninazo nyingi za watu. Njoo siku utakayoweza kumwambia kwamba ulikuja.”

Alimrudishia bakuli. Gaudensia alilipokea kwa mikono miwili. Akageuka kuelekea kituo cha basi akiwa amelikumbatia kifuani. Koti lilibaki mkononi mwa Telesphor. Alisimama nalo mpaka basi lilipopita, kisha akapanda ngazi kwenda chumbani kwake, akiwa na njaa.