Mtoto wa Kuazimwa

Watu wa kambi ya wakimbizi ya Ifo walikuwa wakiazimana kila kitu: sufuria, shoka, mtungi wa maji, hata mtandio wa kwendea kliniki. Ulipofika mwaka wa hesabu wakaazimana watoto pia, na asiyeamini ajaribu kwanza kulala njaa na wanawe, kisha ndipo aje atuhubirie.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Shirika la kuhudumia wakimbizi liliona kadi za chakula zimekuwa nyingi kuliko midomo, likaamuru kila familia ipite uwanjani alfajiri, watu wahesabiwe na kila kidole kipakwe wino. Familia itakayopungukiwa na mtu itapunguziwa unga. Shirwa, aliyekimbilia kambini kutoka upande wa Afmadow, alikuwa na kadi ya watu sita, lakini kibandani kwake walibaki watano. Binti yake Hinda alikuwa amefariki kwa surua, akazikwa nyuma ya kambi bila mtu wa ofisi kuambiwa. Nani anakwenda kujipunguzia chakula kwa mdomo wake mwenyewe?

Barni alikuwa mjane wa Mahat, ndugu yake Shirwa. Mumewe aliuawa vitani, naye akavuka mpaka kupitia Diff, Ruweyda wa miaka minne mkononi, Ridwan mchanga mgongoni. Alifika Ifo uandikishaji umekwisha, hana kadi, akawa anakula kwenye sufuria ya Shirwa na mkewe Sadiyo. Kwa hiyo shemeji yake alipokohoa mlangoni na kusema, "Dumaashi, niazime Ruweyda asubuhi moja tu," Barni hakufikiri mara mbili. Dumaashi ndivyo Msomali anavyomwita mke wa ndugu yake, na Shirwa alilitamka kwa adabu. Isitoshe, unga wa Hinda ndio uliokuwa ukimlisha yeye na wanawe.

Jioni ile alimkalisha mtoto mkekani, akafungua kifurushi cha tende.

"Unaitwa nani?"

"Ruweyda."

"La. Unaitwa Hinda. Babako nani?"

"Shirwa."

"Vizuri. Na hooyo wako?"

Mtoto akamnyooshea yeye kidole. Hooyo ni mama, na mama si huyu hapa mbele yake?

"La," Barni akasema. "Hooyo wako ni Sadiyo. Mimi ni eeddo, shangazi yako tu. Sema eeddo."

"Eeddo."

Akampa tende. Wakarudia tena na tena mpaka mtoto akawa anajibu huku kiganja kashakinyoosha. Barni alicheka mpaka akashika mbavu, maana tangu Mahat afe hakuwa amecheka. Kicheko hicho ndicho kilichokuja kumla roho baadaye.

Hesabu ikapita salama. Barni alipopewa kadi yake mwenyewe iliandikwa yeye na Ridwan tu, kwa sababu kidole cha Ruweyda kilikwisha kuwa cha buluu kwa jina la mwingine. Haikumsumbua. Mtoto alilala naye, alichota maji naye, alisukwa nywele naye. Watu wa shirika walipozunguka kukagua vibanda tu ndipo Barni alipomkonyeza, naye akatoka mbio hadi kwa Sadiyo, akajibu maswali yote, kisha akarudi kudai tende yake. Ukawa mchezo wao wawili, na hakuna aliyeupenda kama Ruweyda.

Sadiyo ndiye aliyekuwa akijisahau. Alimwita Hinda hata siku ambazo hakukuwa na mkaguzi. Barni alimwachia. Mwanamke aliyezika mtoto utamkatazaje jina?

Miaka ikapita hivyo, Ruweyda akatimiza minane. Ndipo ikaja habari kwamba familia ya Shirwa imekubaliwa kwenda Amerika. Majirani walipiga vigelegele, na Barni akapiga kuliko wote, sauti ikamkauka. Siku ya pili Shirwa akaja akakohoa mlangoni, naye Barni alijua kabla hajasikia neno.

"Dumaashi, faili lina watu sita."

"Waambie mmoja amekufa."

"Alikufa lini? Nikisema mwaka wa surua, basi nimekula chakula cha maiti miaka yote hii. Nikisema juzi, wataniuliza kaburi. Faili lote watalitupa, tuozee huku sote." Shirwa akajifuta macho kwa ncha ya shuka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimkera Barni zaidi, kwani mtu mbaya unaweza kumtukana. "Ni damu ya Mahat. Ni damu yangu. Atasoma, dumaashi. Hapa atasoma nini?"

Neno hilo la kusoma lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini Amerika ilikuwa wapi? Barni alijua Kismayu na alijua Wajir kwa kuisikia. Mtoto akienda huko akiitwa Hinda binti Shirwa, atazeeka akiwa Hinda binti Shirwa, na Ruweyda hatakuwa popote duniani. Alikataa. Shirwa akaomba basi mtoto alale kwake wiki hizo za kabla ya safari, wanapopimwa damu na kifua. Barni akakubali hilo, akitaka kuhangaika bila kumtia mtoto hofu. Kwa Ruweyda hakusema lolote.

Akaanzia kwa wazee. Mzee Sugow na wenzake walikaa juu ya mikeka, wakanywa chai, wakaipima kesi kwa xeer, ile sheria ya ukoo isiyoandikwa popote na ambayo kila Msomali huzaliwa ndani yake. Haikuwachukua muda. Mtoto ni wa upande wa baba. Baba hayupo, ndugu ya baba yupo. Hakupewa mgeni, hakuuzwa, yuko kwao.

"Na mimi?" Barni akauliza.

Mzee Sugow akakuna ndevu, uso ukamng'aa. "Wewe una dawa yako, mwanangu. Shirwa akuoe. Mjane kuolewa na ndugu ya marehemu ni jambo letu la tangu zamani. Mtakwenda wote, hakuna wa kutengana na mwenziwe."

Ifo nzima ilijua kwamba Barni alimkataa Shirwa mara tu eda ilipokwisha, tena kwa maneno makali. Kisa hicho kilikuwa kikisimuliwa kwenye foleni ya maji. Sasa akainamisha kichwa mbele ya wazee walewale, akasema, "Nimekubali."

Shirwa akaenda kuuliza kwa mlango wa nyuma, kupitia Hamse, kijana wa Bute aliyekuwa mkalimani wa shirika. Jibu likarudi upesi. Amerika inamtambua mke mmoja, na aliyeandikwa ni Sadiyo. Wa pili hana nafasi, awe wa dini, awe wa ukoo, awe wa mbinguni. Wazee wakatazamana. Mzee Sugow akasema mambo ya wazungu ni magumu, akaagiza chai nyingine. Barni akarudi kwake akiwa ameuza heshima yake na mnunuzi hakuichukua.

Ikabaki dini. Alimwacha Ridwan kwa jirani, akapanda lori lililokuwa likirudi tupu Garissa baada ya kushusha mahindi. Kwenye kizuizi nje ya mji askari akamteremsha.

"Mama, kipande?"

"Mimi iko na kadi ya Ifo, afande."

"Kadi ya kambi ni ya kambini. Barua ya kukuruhusu kutoka iko wapi?"

"Mimi nakwenda kwa kadhi. Mtoto yangu nabelekwa Amerika."

Askari akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha akacheka. "Mtoto anapelekwa Amerika halafu wewe unalia? Mimi wangu wakipelekwa nitachinja ng'ombe!" Alimpitisha baada ya kuachiwa kitu kidogo, na kwa sheria ya nchi Barni alikwisha kuwa mkosaji kabla hata hajaeleza shida yake.

Kadhi alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemfanyia. Alimuuliza kama ameolewa tena. Hakuolewa. Basi, akasema, mama asiyeolewa ndiye mwenye haki ya kumlea binti mdogo, na hapo wanavyuoni hawana ugomvi. Akaandika, akapiga muhuri. Barni akaikunja karatasi ile kifuani, machozi yakamtoka, alhamdulillahi zikafuatana.

"Kwa hiyo nitampata, sheikh?"

Kadhi akavua miwani. "Hii ni haki yako, mama. Lakini huyo shemeji hakuja mbele yangu. Nitamwita. Asipokuja, wa kumleta ni polisi, na polisi mambo ya kambi wanawaachia wenye kambi. Nenda kawaonyeshe."

Barni alisikia ile sehemu ya kwanza tu. Safari nzima ya kurudi alikuwa akiishika karatasi juu ya nguo, asije akaipoteza.

Basi la kuwachukua Shirwa na wenzake lilikuwa la Alhamisi. Jumanne Barni alikaa mbele ya meza ya mwanadada wa shirika, mzungu aliyebabuka pua kwa jua, mwenye sauti ya upole. Kazi yake ilikuwa kuwalinda wakimbizi, hasa watoto. Hamse aliketi kando kutafsiri. Mwanadada aliisoma karatasi ya kadhi kwa makini, akafungua faili, akatikisa kichwa.

"Anasema hamjui Ruweyda binti Mahat," Hamse akatafsiri. "Hayumo kwenye kadi yako wala ya mtu mwingine. Yupo Hinda binti Shirwa." Kisha akashusha sauti, akaendelea kwa Kisomali, sasa kwa maneno yake mwenyewe. "Eeddo Barni, fikiri kabla sijatafsiri. Ukisema ulimwazima, kwao huo ni udanganyifu. Shirwa na wanawe wanafutwa. Na wewe kadi yako inachukuliwa. Ridwan atakula nini? Na ukoo utakaa nao vipi?"

Barni alifikiri. Alimwona Ridwan, akawaona watoto wa Shirwa waliokuwa wamekwisha kununuliwa viatu. Lakini mtoto ni mtoto.

"Mwambie ni wangu. Mwambie nilimzaa Afmadow wakati wa mvua za gu, na mkunga alikuwa mama yangu. Mwambie tulimwazima siku ya hesabu."

Hamse akatafsiri. Mwanadada akapumua kwa kuchoka. Wengi huja hivi, akasema, kila familia inapopata safari. Huyu anadai mtoto, yule anadai mke, ili nao waandikwe. Hakusema kwamba Barni ni mwongo. Alisema tu kwamba iko sheria ya dunia nzima, nchi nyingi zimeitia sahihi, inayokataza mtoto kutenganishwa na wazazi wake. Hawezi kumtoa mtoto kwa wazazi wake kwa neno la mtu mmoja. Barni aliposikia hivyo alitaka kupiga kelele kwamba sheria hiyo ni yake yeye, kwamba iliandikwa kwa ajili yake hasa.

"Lakini," Hamse akatafsiri, na uso wake ukachangamka kidogo, "anasema sheria hiyo inampa mtoto haki ya kusikilizwa. Atamuuliza mwenyewe. Ila wewe usiseme neno wala kumwashiria. Ukimfundisha, ushahidi umeharibika."

Roho ya Barni ikashuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vigelegele. Wamuulize! Karatasi zote zinaweza kusema uongo, lakini mtoto aliyelala kifuani mwako miaka minane atakukana vipi?

Ruweyda akaletwa, ameshikwa mkono na Sadiyo, amevaa gauni jipya la manjano. Sadiyo hakumtazama Barni. Mtoto akamwona mama yake, akatabasamu, kisha akaiona meza, akaona faili, akaona mzungu na kalamu yake. Barni aliuona uso ule ukibadilika, ukikazana, macho yakimetameta. Aliujua uso huo. Yeye ndiye aliyeufundisha.

"Unaitwa nani?" Hamse akauliza.

"Hinda."

Barni alifumbua mdomo. Mwanadada akainua kidole kumnyamazisha, naye akanyamaza, kwa sababu aliambiwa akisema neno ataharibu.

"Babako?"

"Shirwa."

"Hooyo wako ni nani?"

Mtoto akamnyooshea kidole Sadiyo, haraka, bila kukwama. Sadiyo akaanza kulia kimyakimya.

"Na huyu mama hapa, unamjua?"

Ruweyda akamgeukia Barni. Hakukuwa na hofu machoni pake, wala uongo. Kulikuwa na furaha tupu ya mtoto anayejua kwamba anaweza.

"Huyo ni eeddo," akasema.

Mwanadada akaandika, akafunga faili taratibu, akamwambia Barni kitu kwa sauti ya huruma ambacho Hamse hakukitafsiri. Karatasi ya kadhi akamrudishia. Shughuli ilikuwa imekwisha, na ilikwisha kihalali kabisa.

Ruweyda akazunguka meza, akaja kusimama ubavuni mwa mama yake. Akamwegemea goti kama alivyozoea. Kisha, kwa siri, chini ya meza ambako wakubwa hawaoni, akakinyoosha kiganja chake.

Barni akakishika kile kiganja. Kwa mkono wa pili akaanza kufungua fundo la mtandio wake, akipapasa, ingawa alijua kwamba ndani yake hamkuwa na tende.