Chai ya Chumba cha Zamu

Mama Zamu alimimina chai kwenye vikombe vitano, akatia sukari, akavipanga mezani chini ya ubao wa taa unaoandika JUU au CHINI. Hakutafuta kijiko. Tangu wiki ile fundi wa mitambo ya baridi alipoondoka, chai ya chumba kile ilikuwa inajikoroga yenyewe, taratibu, mpaka sukari iyeyuke. Wenzake walisema afadhali, maana vijiko vilikuwa vinapotea ovyo.

Upande wa pili wa ukuta, ndani ya maabara, mwanga mkali ulikuwa unapiga kijichupa cha punje zilizogandishwa. Ndani ya punje hizo chembe ziitwazo protoni huzunguka kama pia ya watoto, na sumaku ndiyo inayozielekeza zote juu, au zote chini. Mwanga ukiigonga protoni, huzaliwa mesoni, kiumbe kinachokufa kabla hujapepesa jicho. Kazi ya zamu ni kuhesabu mesoni ngapi zimekwenda kushoto na ngapi kulia. Kisha sumaku hugeuzwa, na hesabu huanza upya. Ukichanganya juu na chini, jibu lote linapinduka.

Na vilikuwa vimechanganywa. Siku ya kufunga sumaku nyaya mbili zilipishana, ubao ukawa unaandika JUU hali protoni zinatazama sakafu. Aliyegundua ni huyo fundi wa baridi, mume wa Mama Zamu. Alikuja na dira ndogo mfukoni, akaonyesha mbele ya wageni kwamba sindano yake inaelekea chini. Bahati mbaya, Mkuu wa maabara alikuwa ameshatangaza jibu lake, kinyume cha walivyotarajia wataalamu wote, na jibu hilo ndilo lililompa jina. Aliitazama dira, akasema ni ya sokoni. Fundi akaachishwa kazi kwa kuvuruga vipimo. Wahenga walisema ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Hapa uongo ulijitenga kweli, ukapewa ofisi yenye zulia.

Kila aliyesomea kazi hii anajua kanuni: kunja vidole vya mkono wa kulia vifuate mzunguko, kidole gumba kitakuonyesha unaelekea wapi. Watu wa zamu waliketi, kila mmoja akakunja mkono juu ya kikombe chake kufuata mzunguko wa chai. Ubao ulisema JUU. Vidole gumba vitano vikaelekea sakafuni. Kisha wakanywa.

Mama Zamu alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Nyumba ilikuwa inategemea mshahara wake peke yake, na mumewe alikuwa bado anapiga rangi buti zake za kazini kila asubuhi. Alichukua kikombe chake akaenda nacho ofisini kwa Mkuu.

"Mkuu, naomba uitazame chai hii."

"Inazunguka, mama. Hata yangu inazunguka."

"Inaelekea wapi?"

Mkuu akakunja vidole bila kufikiri, mkono ulikuwa umeshazoea. Kidole gumba chake kikaelekea kwenye zulia. Akautia mkono mfukoni.

"Basi mume wangu alisema kweli," Mama Zamu akasema. "Mwite arudi kazini."

"Nikimrudisha yeye, itabidi nilirudishe na jibu. Watu wameshalifundishia wanafunzi wao." Akajikohoza. "Na wewe bado tuko nawe hapa, au sivyo?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayejulia hali mgonjwa. Mama Zamu akajibu kwamba bado yupo.

Jumatatu liliwasili boksi la vikombe vipya, vyenye vifuniko. Funika kombe mwanaharamu apite. Hakuna aliyelalamika, kwani chai ilikawia kupoa. Ukitega sikio uliweza kusikia sukari ikikwaruza humo ndani, ikizunguka upande uleule.

Mama Zamu alipofika nyumbani siku hiyo, buti zilikuwa mlangoni, zinang'aa. Mumewe alikuwa ameshapika na kuosha vyombo.

"Pole na kazi. Leo kidole?"

"Chini."

"Na ubao?"

"Juu."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa kwamba nje kuna mawingu. "Na Mkuu, amejibu?"

"Amejibu. Ametuletea vifuniko."

Fundi akacheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. Mama Zamu alitamani kulia, ila hata kulia kunataka nguvu. Akavua viatu, akaketi. Mumewe akamimina chai vikombe viwili, akatia sukari, akaketi mkabala naye.

Chai ilitulia tuli. Mama Zamu aliweka mkono juu ya kikombe, vidole vimekunjwa, akangoja kwa mazoea. Akangoja zaidi. Mumewe alimwacha angoje, kisha akamsogezea kijiko.

"Koroga, mke wangu," akasema. "Huku haijikorogi."